Ukurasa Uliofungwa kwa Kamba

Babu Risasi alikuja kwenye kile kiwanda cha kuchapa vitabu akae wiki moja, akakaa miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo hakuwahi kukaa mahali mpaka akajua jina la mbwa wa jirani. Alishapika melini, akabeba saruji, akapaka rangi madaraja, akauza miavuli kwenye mji usiojua mvua. Shule nayo aliisoma kwa vipande: darasa la pili huku, la nne kule, la tatu hakuwahi kulitia machoni. Lakini kazi ya kupanga herufi aliishika, au tuseme yenyewe ndiyo iliyomshika yeye.

Hilo jina la Risasi halikuhusu bunduki, ingawa watoto wa mtaa walipenda kuamini hivyo na yeye hakuwakatalia. Lilitoka kwenye herufi zenyewe, vijiti vidogo vya madini ya risasi, vizito, vya kijivu, kila kimoja na herufi yake kichwani. Kutwa nzima alikuwa akizidonoa kutoka visandukuni na kuzipanga kwenye kishikio cha chuma, mstari baada ya mstari, kinyumenyume, mpaka ukurasa ukamilike. Kisha aliuzungushia kamba usimwagike, akaupeleka kwenye mashine. Ukishachapwa, kamba inafunguliwa na kila herufi inarudi kwenye kisanduku chake. Ukurasa uliochapwa huvunjwa. Hiyo ndiyo sheria ya chumba, na si sheria ya ukorofi: herufi hazikuwahi kutosha. Mashine ile na herufi zake vilitoka kwa watu wa lugha nyingine, ambao a kwao ni herufi kama zilivyo herufi zote. Kwetu huku a inaliwa kama karanga. Ukipanga kurasa nne tu, kisanduku cha a kinabaki na vumbi.

Sheria hiyo Babu Risasi aliivunja mara moja tu. Chini ya meza yake, kwenye sinia la bati, chini ya gazeti kuukuu, palikuwa na ukurasa mzima ambao haukuvunjwa kwa miaka kumi na tisa. Kila mwaka aliubadilishia kamba.

Ulikuwa ukurasa wa mwisho wa kitabu cha kwanza cha Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwanamke aliyefundisha darasa la tatu maisha yake yote. Babu Risasi alipolijua hilo alimwambia, "Kumbe wewe ndiye uliyekuwa na darasa langu! Nilikutafuta miji saba." Kitabu chake cha kwanza kilimhusu mama mmoja ambaye mwanawe aliaga anakwenda dukani akapotelea duniani. Kwenye ukurasa wa mwisho jioni inaingia, mama anaamka kufunga nyumba, na mstari wa mwisho unasema: *Akaurudisha mlango, lakini ufunguo hakuuzungusha.* Mtaa mzima uliujua mstari huo. Muuguzi wa zahanati aliukariri huku akimchoma Mwalimu sindano ya mgongo.

Babu Risasi aliupanga ukurasa ule katika wiki yake ya kwanza, mfuko wake ukiwa bado uko begani, maana hakuwa na nia ya kukaa. Alipofika kwenye ufunguo mikono ilisimama. Yeye mwenyewe alimuaga mama yake kwa kumwambia anakwenda kununua kiberiti. Akaushusha mfuko, akausukuma chini ya meza, na hakuunyanyua tena. Ukurasa ulipotoka mashineni aliufunga kamba na kuuweka kando ya mfuko.

Sasa Mwalimu alikuwa na kitabu cha pili. Kilihusu dada wawili waliogombana kwa ajili ya cherehani ya mama yao, wakanuniana miaka ishirini. Sura kumi na moja zilishachapwa, karatasi zake zimepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha, zinasubiri sura ya kumi na mbili ziende kushonwa. Na sura ya kumi na mbili ilikuwa haipo. Si kwamba ilikuwa mbaya au fupi. Haikuwepo, mwezi wa saba huo.

Jumatatu asubuhi Bosi aliingia chumbani amekunja uso. Huyu ni binti wa marehemu mwenye kiwanda. Baba yake na Babu Risasi walikuwa wakiitana ndugu, kwa hiyo yeye alimwita baba mdogo, hata siku za kumgombeza.

"Baba mdogo, mashine imepata mnunuzi. Inachukuliwa Jumamosi."

"Hee. Mapema hivyo?"

"Mapema wapi? Miaka mitatu natafuta, na kazi iliyobaki humu kabla ya kufunga ni kitabu hicho tu. Sasa mwambie huyo rafiki yako: Ijumaa saa sita mchana sura yake iwe iko mashineni. La sivyo zile karatasi nawapa wauza maandazi wafungie. Siwezi kuhama na ukuta wa hadithi isiyo na mwisho."

"Amekwama, mwanangu."

"Linalokwama ni gari. Mtu hakwami. Huo ni uvivu uliovaa miwani."

"Si uvivu. Anakuja saa mbili kila siku, hata kabla yako."

"Anakuja kunywa chai dirishani! Wewe ulishawahi kuamka ukaniambia leo huna a?"

"Kila siku nakwambia sina a."

Bosi alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. Upande wa pili wa mlango, Kelele akadakia. Huyo ndiye fundi wa mashine, aliyesimama kando yake miaka mingi hata masikio yakachoka, na tangu hapo anazungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya mto.

"Ugonjwa huo upo!" alinguruma. "Shemeji yangu alikwama wiki nzima akiandika barua ya kuacha kazi! Mpaka leo yuko kazini! Kapandishwa cheo!"

"Basi huyo alipona kwa kukwama," Bosi alisema. Halafu kwa sauti ya chini, "Ijumaa, baba mdogo. Sitanii. Sina pa kuziweka."

Mwalimu alipofika na chupa yake ya chai na daftari, Babu Risasi alimpa habari yote bila kuificha, kwa sababu yeye si mtu wa kuzungusha maneno. Mwalimu alikaa kwenye kigoda chake cha dirishani. Akatoa miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

"Ijumaa hii?"

"Hii hii."

"Sawa," alisema, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka.

Babu Risasi akafanya kile alichokuwa akifanya miezi yote saba akiona mwenzake amevunjika moyo. Alilivuta sinia kutoka chini ya meza, akaondoa gazeti, akaanza kumsomea ukurasa ule kutoka kwenye risasi yenyewe, kidole kikitembea kinyumenyume. Alisoma taratibu, kila neno akilipa haki yake. Alipofika kwenye ufunguo alimtazama.

"Umesikia? Haya ni yako. Mkono ulioandika haya hauwezi kushindwa na dada wawili."

"Ahsante, Babu," alisema Mwalimu. Akatabasamu lile tabasamu la mgeni anayeongezewa sahani ya tatu. Akainamia daftari. Kalamu ikaandika, ikasimama. Karatasi ikachanwa, ikafinyangwa, ikaenda kapuni. Jumanne ikawa vilevile, pamoja na kusomewa.

Jumatano mchana Mwalimu aliondoka mapema, akisema kichwa kinamgonga. Babu Risasi alitoka kwenda kunawa, akamkuta Kelele anafuta wino kwenye mipira ya mashine. Alikuwa akifutia karatasi za kapu la Mwalimu. Ndiyo ilikuwa desturi yao, karatasi za kapuni zote huishia hapo, na miezi saba ile mashine ilikuwa haijawahi kung'aa namna hiyo.

"Nipe na mimi moja," alisema, akainyoosha afutie vidole. Kwa mazoea ya kazi macho yakasoma kabla mikono haijafuta.

*Dada mkubwa akasimama mlangoni, akauona ufunguo.*

Akachukua nyingine. *Mlango ulikuwa umerudishwa tu.* Nyingine: *Miaka ishirini ufunguo haukuzungushwa.* Akalivuta kapu lote, akakaa chini kwenye sakafu ya saruji, akaanza kuzikunjua moja moja juu ya goti. Mlango. Ufunguo. Mlango, ufunguo, jioni. Kwenye moja Mwalimu alikuwa ameandika *Akaurudisha mlango, lakini*, kisha akalifuta kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Na pembeni ya nyingine, kwa herufi ndogo za mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto: *Bado si kama ule.*

"Unatafuta nini humo?" Kelele aliuliza, mtaa mzima ukasikia.

"Nimeshakipata."

Alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Miezi saba alidhani anamtia moyo. Kila asubuhi, kabla Mwalimu hajafungua kalamu, yeye alimwekea mbele ya uso kitu kilichokwisha, kilichosifiwa, kinachong'aa, akamwambia: haya, fanya tena. Na tuseme ukweli wote, alivyojisemea mwenyewe pale sakafuni. Hakuwa na haraka ya sura ya kumi na mbili. Kitabu kikiisha, kiwanda kinafungwa, na mfuko ule unatoka chini ya meza. Kila aliposema "chukua muda wako, Mwalimu," alikuwa akijiombea muda yeye.

Hilo la pili lilimuuma kuliko la kwanza.

Alhamisi Mwalimu alipoingia alikuta sinia limeshawekwa juu ya meza, gazeti limeondolewa. Akasimama mlangoni.

"Babu, leo nakuomba," alisema. "Leo usinisomee."

"Sisomi."

Alikuwa ameshika kisu kidogo. Akaiingiza ncha chini ya kamba, akaikata.

"Babu! Unafanya nini?"

"Nahitaji herufi."

"Za nini? Sijaandika chochote cha kupangwa!"

"Basi zitakusubiri visandukuni. Huku zimekaa bure." Alinyanyua mstari wa kwanza kwa vidole viwili. Vile vijiti vikaanza kudondoka kwenye visanduku: tik, tik, tik.

Mwalimu alichupa, akamshika mkono. "Huo ni ukurasa wangu!"

"Wako uko kwenye vitabu. Nenda nyumba yoyote ya mtaa huu utaukuta, mwingine umemwagikiwa na chai. Huu wa chini ya meza ulikuwa wangu." Akalionyesha kapu kwa kidevu. "Nimesoma za kapuni, Mwalimu. Nisamehe. Nilikuwa nakuziba mimi."

Mwalimu alimwachia mkono. Alitazama ile mistari aliyoambiwa miaka kumi na tisa kwamba ni mizuri, uso ukataka kulia, halafu ukabadili nia.

"Unajua," alisema polepole, "siupendi."

"Nini?"

"Siupendi huo ukurasa. Nilishauchoka zamani. Yule muuguzi akinichoma huku anausema, natamani kumnyang'anya sindano nimchome yeye."

Babu Risasi alicheka mpaka akashika meza. "Na hukusema!"

"Ningesemaje? Ulikuwa unausoma kama sala!"

"Haya, njoo unisaidie. Tena anza na ufunguo."

Mwalimu akapandisha mikono ya gauni, akasimama upande wa pili wa meza. Kurudisha herufi si kazi ya kichwa. Ni ya vidole: unasoma neno, unalivunja, kila herufi unaiangusha kwake. Mwanzo alikuwa akikosea visanduku, Babu Risasi akimchapa kidogo kwenye kidole kama Mwalimu mwenyewe alivyokuwa akiwafanyia watoto wa darasa la tatu. Baada ya nusu saa alikuwa ameshaelewa. Kisanduku cha a kilianza kujaa. Miaka mingi Babu Risasi hakuwa amekiona kimejaa hivyo, na alikitazama kwa mshangao, kama mtu aliyekuta chumba kizima nyumbani kwake ambacho hakukijua.

"Hivi yule dada mkubwa," aliuliza huku akiendelea kuangusha, bila kuinua macho, "alishafika kwa mdogo wake?"

"Yuko njiani tangu mwezi wa kwanza."

"Atachoka. Akifika anagonga?"

"Agonge wapi, pale ni kwao. Anapitia nyuma, jikoni."

"Na salamu?"

"Salamu gani! Yule? Namjua mimi. Ataiona cherehani imekaa pale pembeni, imetupiwa nguo juu, damu itamchemka. Atasema, 'Sindano umeiweka wapi?' Kabla hajasalimia. Miaka ishirini, halafu hilo ndilo neno la kwanza. 'Sindano umeiweka wapi?'"

Tik, tik, tik.

"Na mdogo?"

"Mdogo hageuki. Anaosha vyombo. Anasema, 'Ilivunjika mwaka ule ule ulioondoka.' Mkubwa anasema, 'Na hukununua nyingine?' 'Nimshonee nani?'" Mwalimu akatega sikio. Mlio ulikuwa umebadilika. Herufi hazikuwa zikianguka tena. Zilikuwa zikigongana taratibu, zikisimama bega kwa bega. Akamwona Babu Risasi ameshika kishikio cha chuma mkononi.

"Unapanga nini?"

"Ulichosema."

"Sijaandika hata neno!"

"Mimi nimeshaandika mistari minne. Endelea. 'Nimshonee nani?' Halafu?"

Mwalimu alitazama daftari lake kule dirishani, limefungwa, chupa ya chai juu yake. Akatazama vidole vya mzee vinavyosubiri, herufi moja imeshikwa hewani.

"Halafu mkubwa anavua viatu," alisema.

Akaendelea hivyo, amesimama, akitembea kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi, akikosea, akijisahihisha. "Hapana, toa hilo, hawezi kulia, hajafika huko," na Babu Risasi akilitoa. Hakuna aliyetaja mlango. Saa ya kufunga ilipofika walikuwa na kurasa tatu. Ijumaa alfajiri Mwalimu alimkuta mzee ameketi ngazini anamsubiri, na kabla ya salamu alimwambia, "Mdogo analeta kisu wamenye vitunguu. Twende, nitasahau."

Saa tano na robo walikuwa wamefika mstari wa mwisho. Dada wawili walikuwa hawajasameheana. Walikuwa wakibishana uzi upi unafaa kwa kitambaa kizito, na cherehani ilikuwa imeshavutwa katikati ya jiko, sindano mpya imeagizwa dukani.

"Ndiyo mwisho huo?" Babu Risasi aliuliza.

"Ndiyo. Au haufai?"

Alifikiri kabla ya kujibu, maana safari hii alitaka kusema kweli tupu. "Sijui kama ni mzuri," alisema. "Nataka tu kujua huo uzi waliuchagua upi."

Mwalimu alifunika uso kwa viganja vyake vyenye wino, akabaki na alama mashavuni, na hakuzifuta.

Bosi aliingia saa sita kasorobo, ametayarisha maneno makali. Babu Risasi alimpa karatasi za majaribio, zilizochapwa kwa mkono, kabla hajayatoa. Alianza kusoma amesimama, mkono kiunoni. Akakaa juu ya rundo la karatasi. Kwenye vitunguu akatoa leso, akasema kuna vumbi. Alipomaliza aliitazama ile mashine iliyouzwa, mashine ya baba yake, akalainika kidogo.

"Kelele!" aliita. "Tia wino!"

"Umesemaje?"

"Tia wino, wewe!"

Mashine ikanguruma, sakafu ikatetemeka kama kawaida yake, na karatasi za sura ya kumi na mbili zikaanza kutoka, zikiwa bado na harufu kali. Mwalimu alisimama kando akizipokea kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo, baba mdogo," Bosi alisema kwa sauti ya kushindana na kelele, "kukwama kupo au hakupo?"

"Kupo. Kukwama kwake kulikuwa kumefungwa kamba, chini ya meza yangu. Kwa wengine sijui kumefungwa wapi."

"Na wewe sasa? Utaenda wapi?"

Babu Risasi aliinua mabega. Alipokuwa akisafisha chini ya meza asubuhi alikuwa ameuvuta mfuko wake, akaukung'uta vumbi, na ajabu ni kwamba bega lilikuwa bado linaukumbuka.

"Yule mnunuzi wa mashine," Bosi alisema, "ameuliza kama kuna mtu anayejua kupanga herufi. Huko kwao hakuna. Ni mbali lakini, nimekwambia."

"Mbali kiasi gani?"

"Siku mbili."

"Siku mbili si mbali," mzee alisema haraka mno, na Mwalimu, aliyekuwa akisikiliza, akacheka. Kisha Babu Risasi akaongeza, akitazama kwingine, "Tena njia hiyo inapita kwetu. Kuna kiberiti natakiwa nikipeleke, hata kama ni makaburini."

Bosi akageuka kuhesabu karatasi zinazotoka.

Karatasi ya mwisho ilipotoka, Kelele akazima mashine, masikio ya wote yakabaki yakivuma. Babu Risasi aliutoa ukurasa wa mwisho wa herufi kwenye fremu ya mashine, wino ukiwa bado mbichi, akauweka mezani. Kamba mpya ilikuwa pale pale, imekatwa tayari kwa kipimo. Mwalimu aliitazama kamba, akamtazama mzee.

"Huu ni mzuri," alisema Babu Risasi. "Nautamani."

"Najua."

"Una kingine kichwani?"

"Kuna mtu mmoja," Mwalimu alisema, "anauza miavuli kwenye mji usiojua mvua."

Mzee alimkodolea macho. Halafu akaisukuma kamba kando, akauvuta ukurasa katikati yao, naye Mwalimu akapandisha mikono ya gauni, wakaanza kuuvunja pamoja. A ndizo walizotangulia kuzirudisha.